Te ya Mama Nzigire

Saa kumi na moja alfajiri robine ya Majengo inakohoa,
haitoi kitu. Tumepanga bidoni zetu za njano
juu ya mawe ya volkano, kila moja na alama yake:
yangu imefungwa utepe mwekundu uliobaki kwenye kipaimara.
Nimeweka simu sikioni, haina hata salio,
nisionekane ninaongea peke yangu:
wota. Wota. Wota.

Jumatatu saa tisa watanipigia tena.
Kazi ya ukalimani, kwa simu tu:
mgonjwa yuko hospitali mahali panaitwa Ayowa,
daktari yuko mbele yake,
na mimi, niliye huku, katikati ya midomo yao.
Mara ya kwanza nilikwama kwenye neno moja.
Yule mwanamke alisema: rudia. Nikarudia. Rudia.
Akacheka kidogo, si kwa ubaya,
akauliza kama ninataja jina la mtu.

Mwalimu Ndagano, chumba cha mbao kule Katindo,
faranga elfu mbili kwa somo, chaki ujiletee,
anainua kidole: Kavugho, hiyo te
unaipigilia kama msumari wa bati.
Iguse tu, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala
kujua kama homa imeshuka.

Naigusa. Inaamka. Inalia te, te, te.

Nifanyeje? Kwetu Butembo te ni te.
Mama alinifundisha kusema omutima, moyo,
na te ya katikati ilisimama wima
kama komeo.

"Unamwita nani tangu juzi?" auliza Mama Nzigire,
nyuma yangu kwenye foleni, bidoni nne, mgongo mmoja.
Mayi, namjibu. Ninaita mayi kwa Kiingereza cha Amerika.
"Ah. Na inakuja?"
Foleni nzima inacheka. Robine nayo inakohoa.

"Haya, nisemee."
Wota.
"Wara," asema, akijifunga kitenge upya,
bila kunitazama, bila kujua alichofanya.

Rudia, mama.
"Wara."
Rudia tena.
"We mtoto, nitakupiga."

Ulimi wake ulipita pale kama mtu anayekatiza
uani kwa jirani, amesema hodi na tayari ameshatoka.
Nikamwuliza: moyo, kwenu mnasemaje?
"Omurhima."

Omurhima! Te ya mama yangu, ile ngumu,
wao kule Walungu walishailaza zamani,
kabla ya ndege, kabla ya simu,
kabla ya mtu yeyote wa Ayowa
kulala kitandani na midomo mikavu
akitafuta wa kumsemea.
Na mimi nimelipa faranga elfu kumi na nne
kutafuta huko mbali
kitu kinachosimama nyuma yangu kila asubuhi
kikilalamika magoti.

Sasa siliendei neno moja kwa moja.
Naanzia Walungu: omurhima, omurhima,
halafu, ulimi ukiwa bado na joto lake, nageuka: wara.
Jana Ndagano hakunisifu.
Alishusha kidole, akaniomba nirudie,
na safari hii alikuwa anasikiliza.

Jumatatu watapiga, au hawatapiga;
mtandao wa hapa una tabia zake.
Lakini leo, nilipokuwa nabembeleza herufi,
robine imefunguka, watu wamesukumana,
kelele, viwiko, mtu amekanyaga kandambili yangu ikakatika,
na nilipogeuka, bidoni yenye utepe mwekundu
ilikuwa imesogezwa hadi chini ya mrija,
nusu imeshajaa.

Mama Nzigire anatazama upande wa mlima.
"Wara yako hiyo," asema.
"Lipa. Faranga mia mbili."